Mafundo ya Tupokigwe

Mwanamke mmoja alikuwa na mkono wa kufinyanga. Aliitwa Sekela, na aliishi kando ya ziwa, chini ya milima. Udongo ukipita kwenye vidole vyake unatoka chungu chepesi, ukikigonga kinalia kama kengele, ukikiweka motoni hakipasuki. Mdogo wake, Tupokigwe, alifundishwa na yeye, lakini vyungu vyake vilikuwa vizito, vingine vimeinamia upande.

Desturi ya soko lao ilikuwa hii: bei ya chungu ni mahindi yanayokijaza. Mnunuzi anamimina mpaka mdomoni. Chungu kinakuwa chake, mahindi yanakuwa ya mfinyanzi. Kwa hiyo Sekela alifinyanga vyungu vyenye matumbo makubwa, akaona hiyo ndiyo akili. Watu wakavizunguka, wakavisifu, wakaviacha. Mama mmoja akamuuliza kama kile ni cha kupikia au cha kuogeshea mapacha, na wote waliosikia wakacheka. Sekela naye akacheka, ila usoni tu.

Misimu miwili ikapita hivyo. Ghala likawa tupu. Sekela akaamua moyoni kwamba asipouza mwezi ule, ataacha udongo aende vibarua kwenye mashamba ya watu. Na kilichomuuma zaidi, ghala la Tupokigwe lilikuwa limejaa. Akasadiki kwamba mdogo wake ana dawa.

Asubuhi moja akamfuata kwa mbali, akapanda mlima nyuma yake, ili aione hiyo dawa.

Hakuona dawa. Alimwona mdogo wake anaingia kwenye nyumba ya watu, anapiga magoti jikoni, anatoa kamba ya mgomba, anapima nafasi iliyopo katikati ya mafiga, anafunga fundo pale kipimo kilipoishia. Akamsikia anauliza wanakula watu wangapi, na kuni wanazitoa wapi. Halafu anasikiliza. Nyumba ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile. Kule juu kuni zilikuwa za shida, kwa hiyo watu walisogeza mafiga karibukaribu, na moto wao ulikuwa mdogo kama kiganja. Sekela alikuwa amefinyanga miaka kumi na minane, na hilo hakulijua.

Tupokigwe alipokwisha kuondoka, bibi wa nyumba ya mwisho akamkuta Sekela amesimama nje, akamkaribisha ndani. Pale kwenye kona kilikuwepo chungu cha Sekela mwenyewe, cha miaka ya nyuma, kikubwa, kinang'aa, na ndani yake kuku anaatamia. Bibi hakujua anaongea na nani. Akasema:

"Hiki ni kizuri, mwanangu, sijaona kingine kama hiki. Ila hakikai kwenye mafiga yangu."

Sekela akatoka nje, akatazama chini. Mlima mzima ulikuwa unafuka moshi wa chakula cha mchana. Chini ya kila moshi, jikoni mwa kila mtu, palikuwa na kichungu kilichopinda cha mdogo wake, kinachemka. Vijiji vitatu vinakula. Akakaa kwenye majani.

Tupokigwe alipomkuta pale, Sekela aliomba ile kamba, akaipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea kitu kwa mkubwa wake. Mdogo akaona haya. Akakiri kwamba vyungu vyake vinapasuka, na kila mwezi anapanda mlima kuwabadilishia watu bure, mpaka miguu imechoka.

Tangu siku ile vidole vya Sekela vilifuata mafundo ya Tupokigwe. Vilikuwa vyungu vidogo, bakuli mbili tu za mahindi kwa kimoja, lakini hakuna jiko lililokosa. Kwenye vibarua hakwenda.

Basi wewe uliyejaliwa mkono, ni lini mara ya mwisho ulipiga magoti kwenye jiko la mtu?