Gunia la Bwana Magego Lisilo na Nafaka

Wewe uliyekaa karibu na mlango, umekula nini mchana, na una hakika gani?

— Wali na mchuzi!

Uliuona ukipikwa?

— La!

Basi hujui umekula nini. Sogea ndani. Ngano yangu ninayo kinywani.

— Itoe tuione!

Ina mifupa.

— Tutaitafuna!

Na kila nikisema "protini nyingi," nyinyi mtaitikia "nafaka hakuna." Tujaribu. Protini nyingi!

— Nafaka hakuna!

Vizuri. Mmeamini upesi kuliko paka.

Palikuwa na mji wa wanyama, na katikati ya mji palikuwa na kihenge kimoja kikubwa cha mahindi ya wote. Ndani ya kihenge hicho aliishi Kidundu. Kidundu alikuwa fukusi, mdudu mtoboa nafaka: mwanamke mdogo kama chembe ya ufuta, pua ndefu, maneno machache. Alikuwa na watoto kumi na wanane, kila mmoja ndani ya punje yake, hata miguu hawajaota.

Fukusi anakula mahindi. Hilo Kidundu hakulificha. Lakini punje moja humtosha siku nyingi, na ganda analiacha.

Walinzi wa kihenge walikuwa paka. Kazi yao ni kufukuza panya, na kila wiki mji uliwapa kapu la kambale wabichi. Mkuu wao alikuwa Bi Mwanashani, paka mtu mzima, mwenye shingo ya kuringa na manyoya yanayong'aa kama yamepakwa mafuta ya nazi.

Siku moja akaja Fisi, Bwana Magego, mabega mapana, tumbo limetangulia. Mgongoni amebeba gunia.

"Bi Mwanashani," akasema, "mtu wa heshima zako bado unakula kambale? Mwenye matope?"

"Nile nini basi, Bwana Magego?"

Fisi akalitua gunia chini, pu! Limeandikwa kwa mkaa, herufi kubwa: PROTINI NYINGI.

— Nafaka hakuna!

Ahsanteni. Na chini yake: KWA PAKA WATU WAZIMA.

"Nipeni mimi hao kambale wenu," akasema Fisi. "Nitawakausha, nitawasaga, nitawatengenezea vidonge vikavu. Havinuki, havina miiba, haviozi. Simba wa mjini siku hizi hawali kingine."

Bi Mwanashani akaonja kidonge kimoja mbele ya paka wote. Krap. Akatafuna. Akafumba macho. Wote wakamtazama mdomo.

"Kitamu," akasema. "Protini unaisikia mpaka mkiani."

Nani tena angebisha? Kila paka akaonja, kila paka akasema anaisikia mkiani. Tangu siku hiyo kapu la kambale likawa linakwenda kwa Fisi, na gunia la Fisi linakuja kwa paka.

Paka wakala. Walipokula wakasikia kiu. Waliposikia kiu wakaenda mtoni, lap lap lap. Wakarudi, wakala, wakasikia kiu, wakaenda mtoni, lap lap lap. Chakula kikavu hakina maji, na paka hakuumbwa mnywaji mzuri. Maji yake huyapata ndani ya windo. Kila adhuhuri kihenge kikawa hakina mlinzi hata mmoja.

Na kila adhuhuri Kidundu akasikia chini ya kihenge: kwaruu, kwaruu. Halafu: shwaaa, kama mvua. Mahindi yanashuka. Punje yake, iliyokuwa juu kabisa, ikajikuta shingoni, kisha kifuani mwa kihenge, kisha kiunoni.

Miezi minne ikapita. Paka wakaanza kuchakaa. Manyoya ya Bi Mwanashani yakawa kama fagio la chelewa lililofagia harusi tatu. Choo chao kikawa kikubwa kuliko chakula walichokula, dalili kwamba kilikuwa kinapita tu, kama mgeni asiyepewa kiti. Lakini ukimuuliza paka, "Hujambo?" anakujibu, "Sijambo, nakula protini."

Ndipo Kanga, mwenyekiti wa mji, akapanda ngazi, akafungua kifuniko cha kihenge, akachungulia.

"Kek-kek-kek! Mahindi yako wapi?"

Akaita baraza, siku ya Ijumaa. "Panya hawaonekani," akasema. "Basi ni fukusi. Ijumaa ijayo tunafukiza kihenge kwa moshi wa pilipili."

Kidundu alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti cha Kanga. Akafikiria wale kumi na wanane wasio na miguu. Mtu asiye na miguu humwambii akimbie.

Baraza halijavunjika, akamfuata Bi Mwanashani pembeni.

"Shikamoo, Bi Mwanashani."

"Marahaba. Nani? Sikuoni."

"Hapa, kwenye ukucha wako. Juzi niliingia ndani ya kidonge chenu. Nikatoboa, kwaru, kwaru. Mwanzo pumba. Mbele kidogo, pumba. Katikati unga wa mahindi, tena mahindi ya kihenge chetu, nayajua kama ninavyojua nyumba yangu. Karibu na kutoka nikakuta kwato ya mbuzi iliyosagwa. Samaki sikumwona. Nililala humo usiku kucha, nikaota nipo kwetu."

Mkia wa Bi Mwanashani ukatikisika. "Mbona kimeandikwa protini nyingi?"

"Ipo. Kwato ni protini. Hata ukucha wako huu niliokanyaga ni protini. Utautafuna?"

"We mdudu," Bi Mwanashani akasema, akitazama kwingine, "hiki ni chakula cha kitaalamu. Hukielewi." Akaondoka kwenda mtoni.

Kidundu akamtazama akiondoka. Akaona jambo moja: hakukasirika. Paka aliyetukaniwa chakula chake hukasirika. Huyu alikuwa na haraka tu.

Akarudi barazani, akapanda juu ya mguu wa Kanga. Kanga akamtazama kwa jicho la chakula, kisha akakumbuka kwamba yeye ni mwenyekiti.

"Mheshimiwa," akasema Kidundu, "kabla hamjatufukiza, tupeni kazi. Chakula cha Bwana Magego kinasifiwa, lakini hakijapimwa. Sisi fukusi ndio mizani. Fukusi ukimweka penye nafaka ananenepa. Ukimweka pasipo nafaka, siku saba yuko chali. Tutieni saba ndani ya gunia lake, mfunge. Tukitoka chali, kweli nafaka hakuna, na nyinyi mmepunguza fukusi saba bure. Tukitoka tumenona, mahindi yenu mtakuwa mmeyapata."

Baraza likacheka. Kanga akacheka mpaka manyoya yakamtoka. "Fukusi anayejipeleka kufa! Nakubali."

Fisi hakucheka. Jasho lilimtoka sehemu ambazo fisi hatoki jasho. "Lakini gunia," akasema, "gunia nichague mwenyewe."

"Ndiyo, Bwana Magego," akasema Kidundu. "Tena uchague zuri. Ujue tu desturi ya mji: chakula kilichofunguliwa barazani hakirudi nyumbani. Huliwa papo hapo mpaka gunia likung'utwe."

"Najua desturi," akasema Fisi. Alikuwa hasikilizi. Alikuwa anafikiria gunia.

Akaenda nyumbani kwake. Chini ya kitanda chake palikuwa na shimo, na ndani ya shimo kambale wa miezi minne, wakavu, wanono, aliowabakiza baada ya kula mpaka kushindwa. Akawatoa. Twu, twu, twu, akawatwanga. Kila alipotwanga mmoja akalia kidogo. Twu! "Huyu alikuwa wa sikukuu." Twu! "Huyu alikuwa na mayai." Hakutia pumba, hakutia kwato, hakutia hata kipande cha hindi. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo, Bwana Magego akatengeneza alichokiandika.

Fukusi saba wakaingia. Gunia likafungwa, likatundikwa katikati ya baraza. Fisi akaketi chini yake, wiki nzima, pua juu, mate chini. Tii. Tii. Tii.

Ndani mlikuwa mkavu na mnanuka samaki. Siku ya pili Kidundu akatoboa kidonge: samaki. Cha pili: samaki. Siku ya tano shangazi yake, Mamchumu, akasema kwa sauti ndogo, "Kidundu mwanangu, hapa tutakufa."

"Tutakufa kidogo, shangazi. Lala chali, usipoteze nguvu."

"Na yule Fisi akishinda?"

Hilo ndilo Kidundu alilokuwa akilihesabu gizani: ameshika ncha moja ya kamba, na ile ya pili ilikuwa ndani ya mdomo wa paka.

Ijumaa ikafika. Chungu cha pilipili kikawekwa juu ya makaa, chini ya kihenge. Gunia likafunguliwa. Fukusi saba, chali.

"Hee-hee-hee!" Fisi akacheka mpaka akakaa. "Semeni wenyewe! Protini nyingi!"

— Nafaka hakuna!

"Nafaka hakuna," Kanga akakubali. "Pulizeni makaa."

Mguu mmoja mwembamba ukainuka kutoka kwenye gunia. "Mheshimiwa. Desturi."

"Desturi gani tena?"

"Gunia likung'utwe."

Kanga akapiga bawa. Alikuwa mtu wa desturi. "Walinzi, kuleni kwanza. Upesi."

Bi Mwanashani akaja mbele, shingo juu, kama siku ile ya kwanza. Akachukua kidonge kimoja kwa adabu. Krap.

Akalamba midomo.

Akachukua cha pili. Krap. Cha tatu. Krap krap. Halafu adabu ikamwisha, kichwa kikaingia ndani ya gunia mpaka mabegani, krap krap krap krap, na paka wengine wakaja nyuma yake, wanasukumana, wananguruma, masikio yamelala.

"Taratibu, jamani," akasema Fisi.

Krap krap krap.

"Bi Mwanashani," Kidundu akauliza akiwa bado chali, "ni kilekile cha kila siku?"

"Mmh," ikatoka ndani ya gunia.

"Mmh ya ndiyo au ya hapana?"

"Ni kilekile!" Fisi akadakia. "Mwacheni mwanamke ale. Ila asile chote. Basi. Basi, imetosha! Acha huyo, huyo alikuwa na mayai! Ondokeni kwenye kambale wangu, nendeni mkale mahindi yenu!"

Makaa yakalia, cha, cha.

"Mahindi gani?" akauliza Kanga.

Fisi akameza mate. "Nimesema mahindi? Ni njaa, Mheshimiwa, sijala wiki nzima. Naropoka. Gunia limepimwa, mmeona wenyewe. Na kama hamniamini mimi, mwaminini mlinzi wenu. Yeye ndiye aliyeonja la kwanza, na la leo kaonja. Atawaambia ni kilekile. Sivyo, Bi Mwanashani? Sema ni kilekile. Au ulikuwa hujui ulichokula miezi minne?"

Bi Mwanashani akatoa kichwa kwenye gunia. Unga wa kambale umemganda kwenye sharubu. Mji mzima ukamtazama mdomo, kama siku ile. Akisema ni kilekile, anabaki mjuzi, na makaa yanapulizwa. Akisema sicho, si mjuzi tena.

Akatazama chungu cha pilipili. Akatazama chini. Kidundu alikuwa amejigeuza, taabani, anatambaa kuelekea kwenye kihenge, hatua moja, anapumzika, hatua moja, anapumzika. Hakumwomba kitu.

"Sicho," akasema Bi Mwanashani.

"Sauti!" akasema Kanga.

"Sicho. Na nilijua. Nilijua tangu kidonge cha kwanza. Kilikuwa na ladha ya gunia. Mlikuwa mnanitazama wote, nikaona haya kuwa paka wa kwanza asiyesikia protini. Nikasema kitamu. Nilidanganya."

Kanga akakipiga teke chungu cha pilipili, makaa yakazimika, na mji mzima ukamgeukia Fisi.

Ngano yangu nimeitema.

— Tumeidaka!

Nyama nimekula mimi, mifupa ni yenu. Na fundisho lake, kwa kuwa mnapenda mafundisho: mkipewa chakula mbele ya watu, sifuni kwanza, onjeni baadaye, na mkisikia ladha ya gunia, semeni ni protini. Mwishowe atatokea mdudu mmoja akubali kufa kidogo kwa ajili yenu.

Protini nyingi!

Mbona mmenyamaza?