Kobe wa Sikudhani na Fuvu la Mbuzi

Siku Sikudhani aliporudi shuleni na kichanga mgongoni, aliandika kwa Kiingereza kuwa kobe hutembea "slow", kivumishi, badala ya "slowly", kielezi. Mwalimu Lukindo akamvika fuvu la mbuzi shingoni, akatangaza kwa Kiingereza cha puani: "Atakayeropoka Kiswahili, hata mimi, atalirithi fuvu hili. Kengele ikimkuta nalo, asirudi tena!"



"Mwalimu," Sikudhani akaomba, "nishikie mwanangu nikamsahihishe kobe ubaoni."

Mwalimu akampakata. Chaki haijagusa ubao, akaruka juu: "Mama yangu weee! Kanikojolea mpaka soksi!"

"Pole, mwalimu. Inama kidogo," Sikudhani akasema, akimvika fuvu.

Kengele ikalia. Ndipo Sikudhani akachomoa mfukoni nepi kavu aliyokuwa amemvua mwanawe chini ya dawati kabla ya kumpa mwalimu.