Matanga ya Mjomba Zimwi

Sogeeni niwape ya mwaka ule jua lilipohamia mbuga ya Kilulu likakataa kuondoka. Mto ulikauka, madimbwi yakakauka, hata tope likawa vumbi. Ikabaki chemchemi moja tu, imejificha kati ya mawe chini ya kilima, na aliyeiona wa kwanza alikuwa Sungura.

Mwingine angewaita wenzake. Sungura alikunywa, akaoga, akajianika juu ya jiwe, akafikiri. Maji yale yaliwatosha wanyama wote, lakini wazo la kumwona Fisi akitumbukiza mdomo wake mle lilimchefua. Na kusema kweli, tangu azaliwe hajawahi kuwa na kitu ambacho wakubwa wanakihitaji.

Basi akaenda barazani akihema, masikio yamelala, akawaambia kwamba maji yapo ila yana mwenyewe, naye ni Zimwi. Lina jicho moja, tena liko kisogoni. Lina mguu wa chuma, na nywele mpaka magotini zilizojaa mifupa ya walioingia bila hodi.

"Mimi nimepona kwa sababu moja tu," alisema. "Ni ndugu wa mama yangu, tumbo moja. Mjomba hamli mpwa wake."

Hakuna aliyeuliza ilikuwaje sungura akapata mjomba zimwi. Walikuwa na hofu, na wenye hofu hawakumbuki kuuliza mambo ya ukoo. Wakakubaliana papo hapo: kila asubuhi kila nyumba itoe chakula, Sungura ampelekee mjomba wake, naye arudi na kibuyu cha maji, kila nyumba ipate funda moja. Aliyejaribu kusogelea yale mawe alisikia mngurumo mzito, kwani Sungura alikuwa amejificha pangoni, mdomo ndani ya chungu kilichovunjika. Fisi aliposikia mara ya kwanza alikimbia akaacha chakula alichokuwa anatafuna, jambo ambalo halijaonekana tena mpaka leo.

Baada ya hapo Sungura hakuwa na kazi ya kusema uongo, wenzake walimsaidia. Fisi aliapa kwamba ameliona Zimwi kwa macho yake, lina midomo saba. Nyani akaongeza mabawa. Akina mama wakalitumia kunyamazishia watoto. Ilifika mahali Sungura mwenyewe, akienda kuchota, anageuka kutazama nyuma.

Siku moja alifuatwa na Bi Kanga, mjane mwenye vifaranga tisa, ambaye hajawahi kukosa msiba wa mtu hata mmoja pale mbugani. Funda moja aliligawa mara tisa, na sasa vifaranga wawili walikuwa hawasimami. Aliomba aongezewe funda moja tu. Sungura alisikitika sana kwa maneno, akasema angekuwa yeye angetoa, lakini Mjomba ni mkali. Bi Kanga alimtazama. Mbuga nzima ilikuwa nyekundu kwa vumbi, na manyoya ya Sungura yalikuwa safi. Akaondoka.

Kilichomharibia Sungura ni majivuno, tena ya mwenzake. Simba, mfalme wa mbuga, alikuwa amechoka kupanga foleni ya funda moja nyuma ya ngiri. Siku hiyo barazani Fisi alijigamba kwamba amelipiga Zimwi jiwe la mgongo, likalia. Wake wa Simba wakamgeukia mume wao, wakamtazama kwa muda mrefu. Simba akasimama, akatikisa manyoya ya shingo.

"Msijisumbue tena na huyo Zimwi," alisema. "Nilimuua jana asubuhi."

Fisi aliuliza maiti iko wapi. Simba akasema amemla. Fisi akauliza kama hakubakiza hata mfupa. Simba akasema hata mfupa, na kwa mara ya kwanza Fisi alionekana kuwa na huzuni ya kweli.

Sungura akasogea mbele. "Bwana Mkubwa," alisema taratibu, "mbona leo asubuhi nimempelekea viazi, akala?"

"Unasema mimi mwongo?"

Baraza zima lilimtazama. Sungura alitazama meno ya Simba, akayahesabu mpaka mahali fulani, akaacha. "Hasha, Bwana. Labda aliyekula ni mwingine."

Hapo Bi Kanga akainuka, kichwa tayari amekifunga kitambaa cha msiba. "Basi tuna matanga," alisema. "Zimwi ni zimwi, lakini amefiwa mwenzetu. Tutamwacha alie peke yake?"

Kwa mila za Kilulu hilo halina mjadala. Matanga hukaliwa nyumbani kwa marehemu, siku tatu. Chakula chake kilichobaki hupikiwa waombolezaji. Mfiwa hukaa mkekani bila kuoga wala kuchota maji, na huletewa ya kunywa mara moja kwa siku, wote wakishamaliza.

Wakaenda wote. Walikunywa kwanza, kwa muda mrefu. Wale vifaranga wawili walilazwa ukingoni mwa maji, na kabla ya jua kuwa kali walikuwa wamesimama. Pangoni wakakuta viazi, karanga na asali ya miezi mitatu. Kile chungu kilichovunjika Bi Kanga alikiweka mbele ya mkeka wa mfiwa, kama ukumbusho wa marehemu. Fisi alimlilia Zimwi kuliko wote, hasa kila chakula kilipopakuliwa. Sungura akakaa mkekani, vumbi likimpanda taratibu, akiangalia akiba yake ikiisha.

Bi Kanga akaja kumpa pole. Aliinama karibu na sikio lake.

"Pole, mwanangu. Maajabu ya mjomba wako siyasahau. Alikuwa anakula yeye, unanenepa wewe."

Siku ya tatu, kabla ya kuanua matanga, wakamtaka mfiwa aseme neno juu ya marehemu. Sungura alisimama. Aliwatazama wote waliokuwa wakinywa, akataka kusema kwamba hapakuwa na Zimwi, hapajawahi kuwa na Zimwi, na maji haya aliyaona yeye. Kisha akamwona Simba anamtazama.

"Alikuwa mtu mwema," alisema, na machozi yakamtoka.

Wanyama walitikisa vichwa. Walisema hawajawahi kuona mpwa aliyempenda mjomba wake namna ile, wakarudi kunywa. Simba mpaka leo anaitwa Muua Zimwi, naye huitika.

Yangu yameishia hapo. Nanyi mkimsikia mtu anawatisha na zimwi, mwulizeni kwanza yeye mwenyewe anakunywa wapi.