Gitaa Nyuma ya Karasha

Uwanja wa Nyarugusu ulijaa watu pomoni. Wachimbaji walikuwa wametoka kwenye maduara yao, yale mashimo ya dhahabu, na vumbi la mawe bado limewakaa nyusini, na akina mama wanaoosha dhahabu mwaloni walikuwa wameyaacha makarai yao. Upande wa mashariki ilisimama kwaya ya wenyeji. Upande wa magharibi, kando ya lori lililowaleta, walisimama waimbaji wa Masumbwe na sare zao za kijani.

Mashindano hayo hayakuwa na jaji wala karatasi za alama. Yalifuata desturi ya ngoma za mavuno za Wasukuma: makundi mawili huanza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na watazamaji huenda wanakovutiwa. Saa moja ikiisha, lenye watu wengi ndilo mshindi. Miguu ya watu ndiyo hukumu, nayo haihongeki.

Kwenye benchi la upande wa mashariki aliketi Pantaleo, amelipakata gitaa la kanisa, jasho jembamba likimtiririka. Mbele yake alisimama mkewe, Violeth, kiongozi wa kwaya. Hakugeuka kumtazama mumewe hata mara moja.

Aliyemtia Pantaleo katika janga hilo ni yeye mwenyewe, wala tusimtafutie mchawi. Wiki sita nyuma alikwenda kanisani kumchukua mkewe mazoezini. Akamkuta yuko mbele na Enock, mpiga gitaa, wanatafuta sauti ya kuanzia wimbo mpya, nao wanacheka. Wawili tu. Wivu ukampanda kichwani. Waimbaji wengine, waliokuwa bado mlangoni wakitoka, wakamsikia akifoka, "Enock, tafuta mke wako wa kuchekesha, huyu ana mwenyewe!"

Enock, mtu mzima na mpole, alililaza gitaa juu ya benchi, akasema, "Mungu ndiye anayejua," akatoka.

Njia nzima Violeth alilia. Walipofika nyumbani akayafuta machozi kwa upindo wa khanga. "Umenivua nguo mbele za watu, Pantaleo. Haya, sasa nani atatupigia gitaa?"

"Nitapiga mimi."

"Wewe? Umewahi hata kulishika?"

"Karasha nilijifundisha mwenyewe. Pikipiki nilijifundisha mwenyewe. Gitaa ni nini?"

Violeth alimkazia macho. "Sawa. Ila nakwambia mapema. Masumbwe ni kwetu, ndugu zangu wote watakuja. Umeniaibisha mbele ya watu wa hapa, nimevumilia. Ukiniaibisha mbele ya ndugu zangu, nitapanda lori lao nirudi kwa mama."

Hakuwa anatania, na Pantaleo alilijua hilo. Usiku ule usingizi ulimpaa.

Akaanza kujifundisha kwa video za kwenye simu. Siku ya kwanza uani, nyuzi zilitoa kelele za ajabu, na jirani yake Bujiku akachungulia juu ya ua. "Shemeji, huyo mbuzi ungemchinja tu akapumzika!" Mtaa mzima ukaangua kicheko. Pantaleo akaona haya kama mwizi wa kuku. Kesho yake akahamia kazini kwake, nyuma ya karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu inayounguruma toka asubuhi hadi jioni. Pale, alijiambia, hakuna atakayemsikia.

Ni kweli, hakuna aliyemsikia. Hata yeye hakujisikia! Sauti ya mwalimu wa kwenye simu ilimezwa na mngurumo, kwa hiyo akajifunza kwa macho tu: kidole hiki hapa, kile pale. Tusimnyime sifa yake, alijikaza kisabuni. Vidole vilivimba, vikachubuka, vikaota sugu. Baada ya mwezi aliweza kubana kodi tatu, yaani mipangilio mitatu ya vidole kwenye nyuzi, bila kutazama, na kutoka moja kwenda nyingine mkono ulikwenda wenyewe. Mwalimu aliposema kwamba nyuzi lazima zipatanishwe kwanza, karasha ilikuwa inasaga.

Violeth alipoviona vidole vile moyo ulimlainika kidogo. "Njoo mazoezini basi, tukusikie."

"Mtanisikia siku yenyewe."

"Hivi unajua kwamba Enock ameumia? Jiwe limemponda vidole vya mkono wa kushoto. Hata kwenda kumpa pole umeshindwa?"

Pantaleo aliguna, akageukia ukutani. Kiburi nacho ni ugonjwa, tena hauna zahanati.

Basi siku ikafika. Filimbi ikalia. Violeth akaanzisha wimbo kwa sauti pana, ya taratibu, na kwaya ikaitikia ikiyumba kulia na kushoto. Pantaleo akashusha mkono kwenye nyuzi.

Loo! Mkono ulikwenda mbio kama karasha yenyewe, maana mdundo huo ndio uliomlea. Kwaya ilipovuta neno, yeye alikuwa amekwishalipita. Nyuzi mbili zilikuwa zimelegea, na kipaza sauti kilichowekwa mbele yake kikaupeleka ubaya wote hadi barabarani. Wakati huo kwaya ya Masumbwe ilikuwa imeshika moto, magitaa mawili na kinanda vikiitikiana. Mtu mmoja akavuka uwanja. Wakafuata watano. Halafu ikawa kama ng'ombe walioona maji: vumbi likatimka kuelekea magharibi.

Violeth alinyoosha mkono, wimbo ukakatika. Sasa ndipo alipogeuka kumtazama mumewe. Hakuwa na hasira. Macho yake yakapita juu ya kichwa cha Pantaleo yakaenda kutua kwenye lile lori.

Pantaleo aliona nyumba yake ikiondoka. Akainua kichwa, na katika watu wachache waliobaki akamwona Enock amesimama peke yake, mkono wa kushoto umefungwa bandeji.

Akasimama. Akakisogelea kipaza sauti, kwa kuwa tusi lilitolewa hadharani.

"Kaka Enock! Nilikutukana mbele za watu, na mbele za watu nakuomba radhi. Hukufanya kosa lolote. Na wewe, Violeth, nisamehe mke wangu. Siku ile niliona wivu wangu tu, sikuona kingine."

Enock aliitazama bandeji yake, hata Pantaleo akadhani atageuka aende zake. Halafu akaja polepole, akaketi kwenye benchi, akaanza kukaza nyuzi kwa mkono wake mzima.

"Nani alikufundisha?"

"Simu."

"Hukuisikiliza?"

"Karasha ilikuwa inalia, kaka. Niliangalia tu."

Enock alikaribia kucheka. Akauinua mkono wenye bandeji na kumwonyesha. "Mimi siwezi kubana. Wewe hujui mwendo. Kaa hapa, karibu. Karibu zaidi, mimi si nyoka! Wewe bana, mimi nitapiga."

Wakaketi bega kwa bega, gitaa moja mapajani mwa wanaume wawili. Mkono wa kushoto ulikuwa wa Pantaleo, wa kulia ulikuwa wa Enock. Violeth akaanzisha tena, sauti yake ikikwaruza kwa machozi. Kodi ya kwanza ikaja safi. Enock akanong'ona, "Ngoja... sasa," na kidole chenye sugu kikahama kwa wakati wake. Kwaya ikaegemea mlio ule, ikanyooka.

"Heee! Njooni muone!" Bujiku alipaza sauti. "Gitaa moja, watu wawili!"

Mtoto akakimbia kuja kutazama, mama yake akamfuata. Wachimbaji wakarudi wakisukumana. Wengine walikuja kwa kustaajabu, wakabaki kwa sababu ya wimbo. Filimbi ya mwisho ilipolia, upande wa magharibi walikuwa wamebaki wazee wachache na dereva wa lori. Hata mjomba wake Violeth, na sare yake ya kijani, alikuwa amesimama mashariki akipiga makofi.

Jioni lori la Masumbwe liliondoka. Violeth alilipungia mkono mpaka likapotea, kisha akamgeukia mumewe.

"Nimekusamehe nusu. Nusu iliyobaki utaipata Alhamisi, ukija mazoezini."

"Nitakuja na Enock," Pantaleo akajibu, akajipangusa macho bila kuficha.

Kwa hiyo anayetaka kubisha na abishe, lakini Nyarugusu nzima ilishuhudia: kidole kimoja hakivunji chawa.