Kadi ya Tatu

Bwana Shebwana, aliyeiuzia zahanati kompyuta, aliingia akifoka.

"Nani kaufundisha mfumo upuuze onyo la mashine yangu? Dhamana imekufa!"

"Mimi," alijibu fundi Kibibi. "Programu ya maonyo iliyotoka nayo kiwandani ni zushi. Kila ikizusha, mfumo ulijizima na wagonjwa wakakaa wanangoja."

"Haijadanganya hata siku moja! Ikidanganya, nawaletea kompyuta mpya."

"Haya, mzee wangu." Kibibi akaizima kompyuta, akaifungua, akachokonoachokonoa, akaifunika. "Hebu nishikie kitambaa hiki nilichokikunja, kisidondoke." Akaiwasha.

Kioo kikaandika: KADI YA KUMBUKUMBU YA TATU INAUNGUA.

"Umeona?" Shebwana akachekelea.

"Nimeona. Sasa fungua kitambaa."

Ndani yake ilikuwamo kadi ya tatu.

"Inakuunguza, mzee wangu?"