Jiko Jipya la Vuai

Hapo zamani, si ile ya sungura na fisi, ni zamani ya juzi juzi tu, palikuwa na Mwalimu Tatu, aliyefundisha darasa la kwanza katika kijiji ambacho siri haikupata pa kulala. Kila asubuhi, kabla ya a-e-i-o-u, aliwauliza watoto, "Habari za nyumbani?" Nao, wacha wamwage!

"Mwalimu, babu analaza meno yake kwenye kikombe changu!"

"Mwalimu, baba anasema amefunga, lakini nyuma ya banda la kuku anakula muhogo!"

"Mwalimu, mama anasema unafundisha vizuri, ila poda unajipaka kama umeanguka kwenye unga!"

Hilo la poda lilimuuma, lakini kesho yake aliuliza tena. Habari hizo alizipenda kuliko chai, na chai aliipenda mno, tena ya maziwa ya mbuzi wake mwenyewe.

Siku moja akasimama Saumu, binti wa Vuai seremala. "Mwalimu, baba kapata jiko jipya! Jekundu, zuri! Kaliweka kwa shangazi. Kasema nisimwambie mama."

Mwalimu Tatu chaki ikamponyoka. Jamani, sisi wakubwa tunajua: mwanamume akipata jiko, kaoa. Hakuna anayeuliza habari za mkaa. Na mama yake Saumu, Bi Mize, alikuwa shoga yake wa kufa na kuzikana. Aseme? Asiseme? Alijizuia mchana kutwa, ulimi ukimwasha. Jioni wakakutana kisimani.

"Pole, shoga," ikamtoka.

"Pole ya nini?"

"Ya mwenzio."

Basi, hakuongeza neno. Mize naye hakuuliza. Ndoo aliiacha pale pale.

Alimkuta Vuai anapiga randa. "Nasikia umepata jiko jipya."

Vuai akacheka. "Saumu huyo! Haya, nimelipata. Nilitaka ulione siku ya sikukuu."

"Na unacheka!"

"Nisicheke kwa nini? Nimekuonea huruma, umechoka. Hili halina moshi kama la zamani. Ukiligusa tu, linawaka!"

"La zamani!" Mize akashika kiuno. "Na utaliweka wapi?"

"Pale pale unapokaa wewe."

Mchuzi wa pweza wa jioni ukammwagikia Vuai, yeye na kanzu yake ya sikukuu iliyotundikwa karibu. Mize akafunga mzigo wake, huyo, kwa baba yake, Mzee Kombo. Saumu akabaki analia mlangoni, na Vuai ananuka pweza, asijue jiko limekosa nini.

Majirani walipompa hongera ya mke wa pili, alishangaa kuliko wote. Akakimbia kwa dada yake, akajitwika jiko kichwani, jiko la udongo lililopakwa rangi nyekundu, akaenda kulitua miguuni mwa mkwewe. Wanawake wakacheka mpaka kanga zikawafunguka. Mize mwenyewe akaficha uso, mabega yakimtikisika.

Mzee Kombo hakucheka. "Jiko nimeliona. Mbuzi yuko wapi?"

Ndiyo mila yao. Mwanamke akirudi kwao kwa hasira, hatoki mpaka mwenye kosa alete mbuzi wa kuombea radhi. Na Vuai, Mize na Mwalimu Tatu, kila mmoja alikuwa na mbuzi mmoja tu. Basi Mwalimu naye akaitwa.

"Mimi nitoe mbuzi?" akasema Vuai. "Kumnunulia mkeo jiko ni kosa? Aliniuliza jiko, nikamjibu jiko!"

"Ulificha!" akasema Mize. "Na mimi mbuzi wangu nilipewa siku ya harusi, nimtoe kwa kulizwa? Mwanamke gani akipewa pole ya mwenzake atauliza jiko ni la mkaa au la kuni? Muulizeni shoga yangu."

Macho yote kwa Mwalimu Tatu. Akaiona chai yake inageuka ya rangi, moyo ukampasuka. "Mimi nilisema pole tu! Pole hata aliyejikwaa hupewa. Habari kaileta mtoto."

"Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi," Mzee Kombo akamrushia.

Saumu, aliyemfuata baba yake, akafuta kamasi. "Baba alisema nisimwambie mama. Sikumwambia mama. Mwalimu ndiye aliyeniuliza."

Mize aliukumbatia mzigo wake. Alitamani kwenda kuliwasha jiko lake, akaona aibu kusema. Saumu akatoka mbio, akarudi amembeba Pamba, kitoto cha mbuzi alichokilea kwa mkono wake. "Babu, mchukue Pamba. Mama aje nyumbani."

Pamba akalia, na mtoto akalia. Vuai akatazama paa. Mize akatazama mzigo. Mwalimu Tatu akajifuta poda kwa ncha ya kanga, na bado, Mungu amsamehe, alikuwa anamfikiria mbuzi wake.

Haya, nyinyi mliokuwa mnacheka, mimi mlangoni kwa Mzee Kombo nimewafikisha. Yupo aliyeficha, yupo asiyeuliza, yupo aliyesema pole, na yupo aliyesema kweli. Semeni upesi, maana mzee keshanyoosha mkono kuishika kamba ya Pamba. Je, mbuzi alistahili kutoka zizi la nani?