Shahidi wa Chemchemi ya Lumbanga

Sogeeni. Mwenye usingizi akalale, maana mwishoni nitawauliza, na sitaki mtu wa kuniambia hakusikia.

Hapo zamani, katika mji wa Lumbanga, palikuwa na chemchemi moja, na mji mzima ulikunywa hapo. Akaja Liwali mpya, akaitaka. Akasema, "Maji haya ni yangu. Anayesema ni ya watu, alete shahidi."

Shahidi aliyebaki hai alikuwa mmoja tu, Bi Kidawa, mjane wa miaka themanini. Siku mwenye ardhi alipowapa watu chemchemi ile, yeye alikuwa mtoto na aliona kwa macho yake. Lakini sasa alikuwa ameanza kusahau. Alitia chumvi kwenye chai. Alimwita mwanawe kwa jina la marehemu mumewe.

Liwali akacheka. "Huyo ndiye shahidi wenu? Nawapa miezi mitatu. Akishindwa kusema, naweka askari kwenye maji."

Mji ukakata tamaa. Watu watatu tu wakakataa kukata tamaa.

Wa kwanza ni Mfaume, tabibu wa sindano, aliyefundishwa kazi hiyo na mganga wa Kichina. Liwali akamwonya asikanyage kwa bibi yule. Mfaume akaenda mchana kweupe, akaacha mlango wazi. Akamchoma sindano nyembamba kama unywele, utosini, viganjani na chini ya magoti. Bi Kidawa, ambaye alikuwa hapati usingizi, akaanza kulala. Askari wakabomoa nyumba ya Mfaume. Kesho yake akaja tena na sindano zake.

Wa pili ni Hadia, mkwe wa Bi Kidawa. Yeye aliona jambo ambalo wengine waliona haya kulitaja: bibi alikuwa akimaliza wiki nzima bila kwenda haja, na chakula chake kilikuwa mkate mkavu na chai. "Mama, sindano sizijui," akasema, "lakini tumbo nalijua." Akampikia uji wa mtama uliochachuka, akampa maziwa mgando, mchicha, kunde na papai. Bi Kidawa akamwaga bakuli. Hadia akapika tena. Mumewe akamwambia, "Acha, Liwali atatuchukia."

"Basi na achukie," akasema Hadia. "Leta kuni."

Mwezi haukuisha, tumbo likafunguka. Bibi akapata nguvu, akawa anatoka uani bila kushikwa mkono.

Wa tatu ni Bi Somoe. Huyu alikuwa mke mwenza wa Bi Kidawa, na walikuwa hawajasemezana miaka thelathini. Akaja na mkeka wake, akautandika mlangoni.

"Unataka nini hapa?" akauliza Bi Kidawa.

"Nimekuja kugombana. Marehemu alinipenda mimi."

"Muongo! Alikuoa mwaka wa njaa, kwa kuwa baba yako alikuwa na ghala!"

"Njaa ipi?"

"Ile ya nzige! Umesahau wewe?"

Ikawa hivyo kila asubuhi. Somoe anachokoza, Kidawa anajibu, na kila jibu linavuta kumbukumbu nyingine.

Siku ya baraza ikafika. Liwali akauliza, "Bibi, mwanao anaitwa nani?"

Bi Kidawa akamtazama mwanawe, akasema, "Limenitoka."

Watu wa Liwali wakaangua kicheko.

"Chekeni!" akasema Bi Kidawa. "Limenitoka, na huenda kesho nikasahau hata langu. Lakini sikuitwa hapa kwa ajili ya mwanangu. Kutoka jiwe kubwa la chemchemi, hatua saba kuelekea jua linapochomoza, walizika jembe lisilo na mpini pamoja na shanga za mama yangu, iwe alama kwamba maji ni ya wote. Nilizililia shanga zile. Kachimbeni! Au unaogopa, Liwali?"

Wakachimba. Jembe likatoka limeliwa na kutu. Shanga zikatoka. Liwali akainuka, akaondoka.

Mji ukaamua chemchemi ipewe jina la aliyeiokoa. Hapo ndipo ulipozuka ugomvi.

Mfaume akasema, "Mimi ndiye niliyebomolewa nyumba. Asiyelala angekumbuka nini?"

Hadia akasema, "Angelala kitandani mpaka leo kama si chakula changu. Nani alimsimamisha kwa miguu yake?"

Bi Somoe akasema, "Nyinyi mlitibu mwili. Yale maneno niliyachimbua mimi, kwa matusi niliyotukanwa miezi mitatu."

Bi Kidawa akagonga fimbo chini. "Nawashukuru wote. Lakini aliyechekwa mbele ya mji mzima ni nani? Nani alikiri aibu yake, kisha akaendelea kusema?"

Watu wa Lumbanga wamebishana hadi sauti zimewakauka, na chemchemi bado haina jina. Sasa semeni nyinyi, na asiniambie mtu kwamba wote ni sawa: je, nani alistahili maji yale yaitwe kwa jina lake?